Rupia ya vichwa viwili, hela isiyo na tundu: nimepigwa au nimeokota? (Tanga)

Fundi Friji Ngamiani — Ijumaa, saa 2:10 usiku

Assalaam alaykum wakuu, na habari za usiku kwa wengine.

Mimi ni fundi friji hapa Ngamiani, mambo ya sarafu za kale nilikuwa nayasikia tu. Jana nilipita karibu na soko la Mgandini natafuta kopa chakavu, nikamkuta mzee ana sinia la vikorokoro: funguo za kizamani, vijiko, vifungo vya jeshi, na sarafu. Akaniambia hizi si za kawaida, "zilikosewa kiwandani", na kilichokosewa kiwandani ndicho wazungu wanachokitafuta. Akanionyesha na video kwenye simu. Nikaingia kichwa kichwa. Nimetoa laki na themanini.

Ya kwanza ni rupia ya Mjerumani, fedha, ile ya mfalme mwenye kofia ya chuma yenye tai juu. Huku kichwa na huku kichwa. Hakuna upande wa maandishi ya thamani kabisa. Ya pili ni hela kumi, nayo ya Mjerumani, ambayo najua huwa na tundu katikati, hii haina. Ya tatu ni mia tano yetu hii ya Karume lakini rangi yake ni ya shaba, nyekundu kabisa.

Ya nne alinipa nyongeza tu, sikuihesabu. Ni ya shaba ya njano, imeandikwa 20 na 1916, imepinda, picha imekaa upande na ukingo una nyufa. Nadhani iliwahi kukanyagwa na lori.

Rupia nimeshaisugua na ndimu na majivu, inang'aa kama mpya. Picha ziko chini. Bei gani jamani?

Bwana Chumbageni — saa 2:31 usiku

Waja leo warudi leo. Wewe umekwenda leo umerudi leo na hasara yako mkononi 😂

Kijana wa Mgandini — saa 2:40 usiku

Mkuu usimsikilize huyo. Kuna video nimeona, senti moja ya Marekani ya 1943 inauzwa mabilioni. Hiyo ya vichwa viwili usiitoe chini ya milioni hamsini. Na ujaribu kuiweka karibu na mchele, rupia halisi inavuta mchele.

Sonara Mstaafu — saa 3:15 usiku

Mchele uacheni upikwe. Fedha haivuti mchele wala mchele hauifuati fedha. Nimekaa na fedha mezani miaka zaidi ya thelathini, sijaona punje hata moja ikitambaa.

Fundi, kwanza umeniumiza. Ndimu na majivu! Umeivua ngozi ya miaka mia kwa dakika tano. Hata ingekuwa ya kweli, bei ungekuwa umeshaishusha mwenyewe. Hizo nyingine usiziguse tena, hata kwa kitambaa.

Pili, hizo picha hazinisaidii. Picha haipimi uzito. Nenda kwa sonara yeyote mwenye mizani ya gramu, upime rupia mpaka pointi mbili, kisha uilete namba hapa. Rupia ya Mjerumani ilitengenezwa kwa kipimo kilekile cha rupia ya Kihindi, maana watu wa pwani walishaizoea hiyo, na mgeni asingekubaliwa sokoni na kipimo chake mwenyewe. Ni gramu 11.66. Iliyochakaa kwa kushikwashikwa hupungua kidogo, lakini yako naona nywele za masharubu bado zinahesabika, kwa hiyo haina haki ya kupungua.

Tatu, iweke juu ya ncha ya kidole, uigonge taratibu na sarafu nyingine, sikioni. Usiitupe chini.

Bint Pangani — saa 3:22 usiku

Naomba nidandie uzi. Nina rupia ya 1890 ya marehemu bibi yangu, pembeni ina sehemu imekatika kama imeumwa na panya. Nayo ni kosa la kiwandani?

Mzee wa Reli — saa 3:58 usiku

Bint Pangani, swali zuri sana, na jibu lake halipo pale palipoumwa. Lipo upande wa pili.

Sarafu huzaliwa hivi. Kwanza bamba la madini hukatwa visahani, kama unavyokata maandazi kwa kikombe. Kikombe kikiangukia pale palipokwisha kukatwa, kisahani kinatoka na pengo la nusu mwezi. Hapo bado hakina picha. Kisha visahani huzungushwa na kubanwa pembeni ili ukingo unyanyuke, ndipo vinakwenda kugandamizwa kati ya mihuri miwili ya chuma yenye nakshi. Sasa kisahani chenye pengo kikiwa kinabanwa pembeni, pale penye pengo hakuna kitu cha kubana. Kwa hiyo mkabala wake, upande wa pili kabisa wa duara, nao unakosa nguvu. Ukingo wa hapo hutoka hafifu au hautoki kabisa. Wazungu wanaiita athari ya Blakesley.

Mwenye tupa anaweza kukata pengo. Anasahau kwenda kuufifisha ukingo wa ng'ambo.

Shika rupia yako, pengo liweke saa 12, kisha tazama saa 6. Ukingo ukoje?

Fundi Friji Ngamiani — Jumamosi, saa 5:05 asubuhi

Nimetoka kupima. Gramu 10.9. Na mlio wake... kusema kweli haulii. Nyingine ya kawaida aliyonayo yule sonara ukiigonga inalia *tiiing*, inakwenda, inakwenda. Yangu inasema *tak* kama kigae.

Sonara Mstaafu — saa 5:40 asubuhi

Hivyo ndivyo nilivyodhani. Sasa nikwambie ilivyotengenezwa, na nakwambia kwa sababu nimewahi kutengeneza moja kwa mikono yangu.

Alikuja mtu wa mazingaombwe, anazunguka mashuleni, anataka sarafu ya kubahatisha ambayo kila ukiirusha inaangukia kichwa. Hakuwa na nia ya kumuuzia mtu, na nilimtoza ujira wa haki. Unachukua sarafu mbili za aina moja. Ya kwanza unaikereza upande wa maandishi, unachimba ndani kama bakuli, lakini ukingo unauacha mzima. Ya pili unaisaga mpaka inabaki kichwa tu, ukingo wote umekwisha, unene nusu. Kisha ile ya pili unaitia ndani ya bakuli la ile ya kwanza, inakaa kama mfuniko wa kopo. Tone la lehemu, basi.

Watu wakisikia sarafu imeunganishwa wanakwenda kutazama ubavuni, wanakuta ubavu mzima hauna mstari, wanasema ni ya kweli. Mstari hauko ubavuni. Uko usoni, upande mmoja tu, pale uso unapokutana na ukingo, umejificha kwenye kivuli cha ukingo. Chukua sindano ya cherehani, izungushe polepole kwenye ile pembe ya ndani. Upande mmoja itateleza. Upande wa pili itakwama.

Na hailii kwa sababu ni vitu viwili. Madini mamoja huimba, mawili yaliyogundishwa yananong'onezana tu.

Fundi Friji Ngamiani — saa 6:12 mchana

Imekwama. Wallahi imekwama, na nimeona kamstari, kembamba kama unywele, kamezunguka uso mzima. Jana nimeitazama saa mbili nzima sikukaona.

Yule mzee nikimrudia atanitambua kweli?

Bwana Chumbageni — saa 6:15 mchana

Atakwambia "mimi sijawahi kuuza sarafu, mimi nauza vijiko."

Fundi Tupa — saa 6:50 mchana

Sonara, swali la kiufundi. Kwani kiwandani haiwezekani kabisa mihuri miwili ya kichwa ikafungwa pamoja? Binadamu ni binadamu.

Sonara Mstaafu — saa 7:30 mchana

Kwa kawaida muhuri wa juu na wa chini haufungwi mahali pamoja, maumbo ya kushikia yanatofautiana, ndiyo maana vichwa viwili halisi duniani ni vya kuhesabu. Kinachotokea zaidi ni muhuri wa sarafu moja kuoana na muhuri wa sarafu nyingine. Afrika Mashariki tunao mfano wetu, wa 1936, mwaka wa yule mfalme Edward wa Nane aliyeacha kiti kabla hajatawazwa. Peni ya Afrika Magharibi ya Kiingereza ya mwaka huo ipo yenye upande mmoja wa kwao na upande mwingine wa senti kumi yetu ya Afrika Mashariki. Zote zina tundu, ukubwa wake ni uleule, fundi akachanganya. Lakini hata hiyo gonga, italia, na sindano haitakwama popote.

Bint Pangani — saa 8:04 mchana

Nimeangalia saa 6 kama Mzee wa Reli alivyoelekeza. Ukingo wa hapo ni mzima, umenyanyuka vizuri. Na pale palipoumwa nimeona kama madoa ya kijivu, na mikwaruzo imelala upande mmoja.

Mzee wa Reli — saa 8:20 mchana

Basi ni tupa. Ila ngoja kabla hujamlaumu mtu. Yale madoa ya kijivu ni lehemu. Bibi yako alikuwa anaivaa?

Bint Pangani — saa 8:33 mchana

Subhanallah. Ipo picha yake ya harusi ya mama mkubwa, kavaa mkufu wa rupia. Sikuwahi kuzihusisha. Kwa hiyo hapo ndipo palipokuwa na kipete cha kuning'inizia, wakakiondoa wakasawazisha kwa tupa?

Sonara Mstaafu — saa 8:41 mchana

Ndiyo kazi yetu hiyo. Nyingi nimezitia vipete na nyingi nimevitoa, hasa wajukuu walipokuja kugawana urithi. Kwa mnunuzi wa sarafu hiyo ni kilema. Mkufu wenyewe sijui mmeugawanaje.

Bint Pangani — saa 8:45 mchana

Tusiingie huko 😅 Yangu siuzi.

Mkulima Muheza — saa 10:10 jioni

Ile mia tano nyekundu naomba niisemee mimi, maana sonara anajua fedha, mimi najua mrututu.

Huku kwenye machungwa mrututu tunao, wa kuchanganya dawa ya ukungu. Weka mrututu kwenye maji, yanakuwa ya buluu. Tumbukiza msumari safi, baada ya muda mfupi utoe, umekuwa mwekundu, umevaa shaba. Ni shaba iliyokuwa ndani ya mrututu imehamia kwenye chuma. Sarafu ukitaka ivae vizuri zaidi unaunganisha na betri ya redio. Mpwa wangu alifanya mradi huo wa shule akaiharibu na saa yangu.

Fundi, unayo sumaku ya spika? Iguse.

Fundi Friji Ngamiani — saa 10:26 jioni

Imenasa palepale. Sasa hiyo ina maana gani, si hata mia tano ya kawaida inanasa?

Mkulima Muheza — saa 10:31 jioni

Ndiyo maana yenyewe! Mia tano ni chuma kilichopakwa nikeli, inanasa. Kama kweli kiwandani wangeipiga kwenye kisahani cha shaba kwa makosa, isingenasa, na uzito wake usingekuwa uleule. Inayonasa ni mia tano ileile, imevaa kanzu.

Kwaruza kidogo ubavuni na msasa laini uone weupe chini yake. Haina cha kupoteza, hata hivyo itakununulia soda ukikuta muuzaji mwenye huruma.

Kijana wa Mgandini — saa 10:50 jioni

Sasa ile senti ya Marekani ya 1943 ya kwenye video nayo uongo?

Mzee wa Reli — saa 11:35 jioni

Hiyo ni kweli, ndiyo maana inafaa kudanganyia watu. Wakati wa vita vya pili Marekani waliihitaji shaba kwa silaha, kwa hiyo mwaka 1943 senti yao ikapigwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Visahani vichache vya shaba vya mwaka uliotangulia vikawa vimebaki kwenye mashine, vikapigwa pamoja na vya chuma. Hizo chache ndizo zinazouzwa kwa fedha nyingi. Ya shaba ina uzito wa gramu 3.11, ya chuma 2.70.

Sasa tazama ujanja. Mmoja anachukua ya chuma ya 1943 anaivika shaba, sawasawa na alivyoeleza Mkulima. Huyo anakamatwa na sumaku. Mwingine ana akili zaidi, anachukua senti ya 1948, ambayo ni shaba kweli, anaisaga ile 8 upande wa kushoto mpaka inafanana na 3. Huyo sumaku haimkamati wala mizani haimkamati. Anakamatwa na lenzi: 3 ya mwaka 1943 ina mkia mrefu unaoshuka chini, na ile iliyotengenezwa kutokana na 8 haina mahali pa kuutoa mkia huo. Kusaga unaweza, kuotesha huwezi.

Video haikudanganyi kwamba ipo. Inakudanganya kwamba iko mfukoni mwako.

Kijana wa Mgandini — saa 11:41 jioni

Nimekuelewa mzee wangu. Ila ninayo shilingi ya zamani ya mwenge, usoni pana herufi zimeandikwa kinyume, kama kwenye kioo. Hiyo je?

Fundi Tupa — saa 11:58 jioni

Hiyo naijua, nimeshaona watoto wa gereji wakiifanya. Unaweka sarafu mbili pamoja kwenye jiliwa, unakaza. Herufi za moja zinaingia kwenye mwili wa nyenzake, kinyume.

Angalia: chini ya hizo herufi za kinyume, ile picha ya mwanzo bado inaonekana, imelala tu?

Kijana wa Mgandini — saa 12:03 jioni

Inaonekana. Imefifia.

Fundi Tupa — saa 12:06 jioni

Jiliwa. Ya kiwandani hutokea sarafu iliyokwisha kupigwa ikinasa kwenye muhuri, inayofuata inapigwa juu yake. Hapo upande mmoja unatoka sawa kabisa, na wa pili unatoka picha ileile kinyume, imezama, kamili, bila mabaki ya picha nyingine chini. Kwa sababu hapakuwa na picha nyingine, kisahani kilikuwa kitupu.

Mwana wa Bagamoyo — saa 2:20 usiku

Salaam kutoka Bagamoyo. Huku maji yakitoka pwani huwa tunaokota pesa za Wajerumani, zile za shaba, upande mmoja tai na upande mwingine maandishi ya Kiarabu. Ninayo moja nyembamba sana na nusu ya maandishi hayapo, mwaka umebaki 130 na kitu. Kuna mtu ameniambia ni "chapa hafifu", eti ni kosa adimu. Nikubali?

Sonara Mstaafu — saa 2:44 usiku

Usikubali. Bahari imeila. Chapa ikiwa hafifu, palipokosa picha huwa laini, uso wa kisahani haujasumbuliwa. Yako ukiitia kwenye lenzi utaona mashimo mashimo kama mkate wa kumimina, na ubavu umekonda kuliko kawaida. Madini yameondoka. Kwa chapa hafifu madini yote yapo, hayakusogea tu.

Na mwaka wako utakuwa 1307, 1308 au 1309 wa Hijria, maana pesa hizo zilianza 1890 zikakoma mapema. Ihifadhi, ni nzuri, inatoka kwenye mji wenyewe uliokuwa makao makuu ya Mjerumani kabla hawajahamia Dar mwaka 1891. Ila usiiite kosa.

Mwana wa Bagamoyo — saa 2:51 usiku

Na za Kilwa, zile za masultani?

Mzee wa Reli — saa 3:02 usiku

Za Kilwa usiuze, usinunue na usichimbe. Kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 kinaingia kwenye Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Wapelekee wahusika wa mambo ya kale wa hapo kwenu.

Fundi Friji Ngamiani — saa 3:30 usiku

Bado ile hela kumi. Nimejifunza kwenu, nimechukua lenzi ya kijana wa simu hapa jirani. Katikati naona duara, kama kiraka cha sufuria. Ndani ya duara ni peupe zaidi. Nimegusa na sindano, peupe panachubuka, pengine hapachubuki.

Sonara Mstaafu — saa 3:37 usiku

Umejijibu. Tundu limezibwa kwa lehemu likasawazishwa. Isiyotobolewa kwa kweli ingekuwa rangi moja, ugumu mmoja, na katikati patupu bila duara lolote.

Na nikuongezee, maana utakuja kuuziwa na kinyume chake, tundu lililokaa upande. Visahani vya hela za tundu vilitobolewa kwanza ndipo vikapigwa chapa. Kwa hiyo kwenye kosa halisi picha imekaa katikati kama kawaida, tundu ndilo limehama, na mdomo wa tundu umeviringika kidogo kwa ndani kwa sababu madini yaligandamizwa likiwa tayari lipo. Tundu la dirili lina mdomo mkali, linakwaruza kidole, na ndani utaona michirizi ya kuzunguka kama skrubu.

Bwana Chumbageni — saa 3:45 usiku

Kwa ufupi fundi katoa laki na themanini kwa rupia ya mazingaombwe, hela yenye kiraka na mia tano yenye kanzu. Na neno lenyewe *hela* ni Heller ya Mjerumani. Aliondoka na mali akatuachia neno la kuilalamikia.

Mzee wa Reli — saa 4:30 usiku

Mnacheka, lakini hakuna aliyeisemea ile ya nne. Mimi tangu jana naitazama hiyo tu.

Fundi, chini ya 1916 kuna herufi T?

Fundi Friji Ngamiani — saa 4:36 usiku

Ipo T. Na juu taji, na D.O.A. Upande wa pili 20 HELLER ndani ya majani.

Mzee wa Reli — saa 5:25 usiku

T ni Tabora. Na D.O.A. ni Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Mjerumani.

Novemba 1914 Waingereza walishindwa hapahapa kwetu Tanga, lakini baharini manowari zao zilikuwa zimeshafunga njia. Sarafu mpya kutoka Ujerumani haziji, askari na wapagazi wanataka mshahara, noti za karatasi wenyeji wanazitilia shaka. Mwaka 1916 wakaamua kupiga wenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli, kwa shaba yoyote waliyoipata, pamoja na maganda ya risasi. Wakatoa hela 5 na hela 20. Hata dhahabu walipiga, rupia 15, ya ndovu aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake, dhahabu ya machimbo ya Sekenke. (Hiyo ya ndovu msiinunue kwa mtu kabisa, za kuigiza ni nyingi kuliko ndovu wenyewe.) Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora, shughuli ikaishia hapo.

Sasa mafundi wale hawakuwa na mashine za Berlin. Mihuri ilichongwa na watu wa karakana, ikapasuka, ikachongwa mingine. Ndiyo maana taji lipo kubwa na lipo dogo, na herufi L za HELLER zipo zenye ncha iliyojikunja na zipo zenye ncha kali. Unene haulingani, uzito haulingani. Kwa hiyo mizani hapa haitusaidii sana, itabidi tutumie macho.

Nijibu matatu. Ile sehemu tupu, ya mwezi mchanga, ipo pande zote mbili? Herufi zilizo mpakani zimekatikaje? Na nyufa za ukingo zinaelekea wapi?

Fundi Friji Ngamiani — saa 5:50 usiku

Pande zote mbili, na nimeshika kwa vidole viwili, ni mahali palepale, huku na huku. Upande wa taji herufi A ya D.O.A. imekatika nusu, lakini nusu iliyopo ni kali kabisa, haijalala. Nyufa zinatoka nje zinaingia ndani, fupi, tatu.

Fundi Tupa — saa 5:58 usiku

Mzee, nikuwekee kigingi. Mtu hawezi kuipiga nyundo hiyo sehemu ikafutika?

Mzee wa Reli — saa 6:20 usiku

Anaweza, lakini nyundo inalaza. Herufi inayopigwa nyundo hubonyea, inapanuka kama nta, na mpaka unakuwa wa kufifia polepole. Hapa A imekatika ikiwa kali mpaka mwisho wake, maana muhuri uliishia hapo. Na nyundo ikipiga upande mmoja, upande wa pili, ulioegemea fuawe, ubapa wake hautalingana. Hapa pande mbili zinakubaliana.

Kisha hiyo sehemu tupu, itazame kwa lenzi ukiielekeza taa ubavuni. Kama naona sawa kwenye picha kuna mistari midogo inayokwenda upande mmoja. Hiyo ni mistari ya bamba kutoka kwenye roli, kabla ya chapa. Muhuri ukigandamiza mistari hiyo hufutika. Pale usipofika, inabaki. Mwenye nyundo hawezi kuirudisha.

Ya kuyeyushwa na kumiminwa pia siyo, ningeona vishimo vya hewa na herufi laini kama sabuni.

Fundi Friji Ngamiani — saa 6:41 usiku

Mistari ipo. Imelala yote upande mmoja, inaishia kwenye picha kama imekatwa kwa kisu.

Kwa hiyo ya nyongeza ndiyo ya kweli??

Mzee wa Reli — saa 6:55 usiku

Ndiyo ya kweli. Haikukanyagwa na lori, kisahani kilikaa vibaya mashinini siku hiyo na aliyekuwa zamu hakukitupa, shaba ilikuwa haba.

Lakini usianze kupiga mahesabu ya pikipiki. Kwenye sarafu ya Berlin kupinda hivi kungekuwa ajabu. Za Tabora nyingi zimezaliwa na kasoro, mnunuzi anayezijua atakuongezea kidogo juu ya bei ya kawaida, hatakupa milioni. Mimi ningekuwa na hiyo nisingeitoa, lakini mimi baba yangu alifanya kazi reli, usinifuate.

Sonara Mstaafu — Jumapili, saa 1:15 asubuhi

Na usiitie ndimu!

Fundi Friji Ngamiani — saa 4:20 asubuhi

Nimepita Mgandini asubuhi hii. Mzee yupo. Sikugombana naye, nimezungusha sindano kwenye rupia mbele yake, ikakwama, akanyamaza. Amenirudishia laki, elfu themanini anasema ameshazila. Nimemwachia zile tatu. Akaniuliza ile iliyopinda iko wapi, nikamwambia mtoto ameipoteza.

Bint Pangani — saa 4:28 asubuhi

Naye akakuamini? 😂

Fundi Friji Ngamiani — saa 4:30 asubuhi

Amenitazama sana.

Mpita Njia — saa 9:47 alasiri

Wakuu sijasoma kurasa zote. Nina senti hamsini ya sungura ya 1966, mia ya Nyerere yenye herufi mbili mbili, na rupia moja. Mnanunua bei gani?

Sonara Mstaafu — saa 10:02 jioni

Hizo herufi mbili mbili, ya pili ni ngazi bapa iliyolala chini ya ile ya kwanza, au imesimama yenyewe, imeviringika, na kwenye pembe za herufi kuna mwanya? Ikiwa ni ngazi bapa, ni mashine ilicheza, ina thamani ya shilingi mia. Na hiyo rupia, una sindano nyumbani?